Dada Yangu Anataka Chai

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeipata kazi yangu! Si kware. Si sungura. Si uyoga, ingawa ule uyoga uliota vizuri sana, tatizo uliota ukutani. Kazi yangu ni hadithi. Hadithi fupi, nyepesi, za kumwinua mtu aliyeanguka. Kuanzia leo mimi ni Mkufunzi wa Ustahimilivu. Jina nimelitunga mwenyewe asubuhi nikinyoa ndevu. Furaha ilinizidi, nikajikata kidevu.

Mwanafunzi wa kwanza ninaye humu humu ndani. Dada yangu Sia alipata kiharusi mwezi wa pili. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, na maneno yamemkwama. Akili iko palepale, anaelewa kila kitu. Ila kusema hawezi. Na huyu ndiye Sia aliyekuwa anashona huku anabishana na wateja, huku anaimba, na kote anashinda! Kata nzima ya Sokon I inaijua sauti yake. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Sasa nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji ya jirani ikiunguruma. Siuwezi ukimya huu. Nazungumza mimi badala yake.

Leo nimemsimulia Hadithi ya Mgomba. Palikuwa na mgomba kwenye mteremko wa Meru. Upepo ukaja, mgomba ukalala chini. Majirani wakasema umekwisha. Mgomba ukajibu: bado nina mtoto chini ya udongo. Basi. Nimeitunga mimi.

Dada akageuza uso, akatazama dirishani. Alikuwa anatafakari.

Mchana nimefungua ofisi. Chumba chake cha kushonea kina mlango unaotazama barabarani, na kwa sasa hakitumiki. Cherehani nimeihamishia banda la kuku, kwa muda tu, nimeifunika nailoni. Mezani nimetandika kitambaa kizuri cha bluu chenye maua ya dhahabu, nilikikuta kabatini. Mlangoni kibao: KITUO CHA USTAHIMILIVU. HADITHI NA USHAURI. KARIBU.

Mvua haijakatika kutwa. Mlima hauonekani.

Jumatano, 9 Aprili

Kliniki. Mtaalamu wa mazoezi ya usemi ni msichana mpole, ana sauti ya chini. Aliniambia kazi yangu nyumbani ni ndogo: nimuulize dada swali, kisha nisubiri. Nisimmalizie neno. Hata likichelewa, nisubiri. Nikamwambia nimeelewa kabisa. Akamgeukia dada, akamuuliza jina lake nani. Nikamjibu anaitwa Sia.

Msichana akanitazama muda mrefu.

Tuliporudi nyumbani, habari kubwa! Dada amesema! Alinishika mkono wa shati, akakunja uso, akasukuma: "Che... che..." Nikakimbia jikoni. Chai ya maziwa, ya moto, tangawizi imekolea. Akaitazama. Akatikisa kichwa. "Che..." Nikajua, sukari haitoshi. Nikaongeza. Akafumba macho.

Jioni tena: "Che..." Nikampelekea ya rangi. Safari hii alikisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto, chai ikamwagika miguuni mwangu. Viatu vya semina hivyo!

Nikifuta viatu nimetunga hadithi nyingine, ya kikombe kilichomwagika kikajazwa tena. Ni nzuri. Nilipomsimulia, dada alikuwa tayari amejifunika shuka mpaka kichwani.

Ijumaa, 11 Aprili

Ofisi ilifunguliwa saa mbili kamili. Mtu wa kwanza kuingia alitaka kupunguza suruali. Nikamwambia cherehani imepumzika, lakini nina hadithi. Akasema suruali ndiyo inayomsumbua. Wa pili, zipu. Wa tatu, msichana wa shule na sketi. Sketi alikuwa ameishika mkononi, hadithi akaisikiliza akiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Nikiwa karibu kukata tamaa (ila mimi sikati tamaa, ndiyo kazi yangu), akaingia Mzee Elimringi. Mzee wa kanisa, kule Kikatiti! Mtu mwenye koti. Alikuwa ametumwa na mkewe, Mama Sifaeli, kuulizia gauni alilompa Sia ashone kabla hajaugua. Nikamsalimu, nikamweleza kuhusu ugonjwa. Akasikitika kwa dhati. Akasema mkewe hakujua, gauni si kitu, dada apone kwanza.

Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamweleza kuhusu Kituo. Nikampa Mgomba. Nikampa Kikombe. Akasikiliza, akaniambia usharika wao una watu wengi waliopigwa na maisha mwaka huu: wajane, wagonjwa, vijana walioachishwa kazi. Siku ya Muungano ukumbi uko wazi. Pengine wangefanya semina. Lakini kwanza akaniuliza, kwa upole tu, ni nani nimekwisha kumsaidia kwa hizi hadithi.

Nikasema: dada yangu.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Likaja na wenzake. Nikasema alikuwa hawezi hata herufi, sasa anasema sentensi nzima. Mzee Elimringi akavua kofia. Akasema Mungu ni mwema. Akasema basi nije naye, asimame, ashuhudie kwa kinywa chake.

Nikasema bila shaka.

Akiondoka akakipapasa kitambaa cha mezani, akasema kizuri, mkewe ana cha namna hiyo hiyo. Nikamwambia ana bahati.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Mitende. Nimetoka ibadani mapema ili nianze mazoezi na dada. Nimefika uani, nikasikia sauti jikoni. Nikasimama.

Ndani alikuwa Bi Swabaha, jirani yetu, mama wa makamo ambaye watu wake walitoka Pangani, na ambaye vitumbua vyake asubuhi hugombewa mpaka na wapita njia. Wamekaa na dada, sinia la mchele katikati, wanachambua. Dada anachambua kwa mkono wa kushoto. Hakuna anayesema kitu. Kimya kabisa! Nikawaza, huyu mama anampotezea dada muda.

Kisha Bi Swabaha akauliza kama sinia limekwisha. Akanyamaza. Akaendelea kuokota vijiwe, kama mtu ambaye hakuuliza chochote. Muda ukapita. Mimi nje tayari nilikuwa nimejibu moyoni mara kadhaa.

Ndipo dada akasema: "Bado."

Neno zima. Sauti yake, ile ile, imekwaruza kidogo.

Nikaingia mbio nikipiga makofi. Nikamwambia arudie. Arudie, arudie! Akafunga mdomo. Macho yakarudi kwenye mchele.

Ni neno la kwanza la dada yangu tangu augue, na hakuniambia mimi. Nimeketi ofisini, nimeandika mistari hii, nimeifuta, nimeiandika tena. Hana hadithi hata moja yule mama. Hata moja.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekuja na mbinu. Nimeandika ushuhuda wa dada, mfupi: "Nilianguka. Hadithi zikaniinua." Kazi yake ni kuusema tu. Asubuhi nikaketi mbele yake, nikamwonyesha midomo inavyokwenda. Ni-li-a-ngu-ka. Akanitazama. Nikarudia. Nikarudia kwa kuimba, kwa kuwa alipenda kwaya. Nikamwekea na hadithi mpya ya kumtia nguvu, ya konokono aliyepanda Mlima Meru: kila mtu alimcheka, yeye akaenda polepole, akafika kileleni, akawatazama wote kule chini.

Dada akaanza kulia.

Si kwa sauti. Machozi tu, upande mmoja wa uso ukikunjamana na mwingine umetulia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapigapiga paja, taratibu, kama mtu anayeomba asikilizwe. "Che..." akasema. "Che... che..."

Sikuleta chai.

Nikatoka nje, nikaenda kusimama kwenye banda la kuku, mahali ambapo mtu haulizwi kitu. Upepo ulikuwa umeirusha nailoni. Cherehani imelowa chapachapa. Kutu imeanza kwenye gurudumu, mkanda umevimba, na kuku amelala juu ya meza yake kama mwenye nyumba.

Nikamfukuza yule kuku. Nikaanza kuifuta kwa shati langu. Kwenye cherehani hii dada alishona sare yangu ya darasa la kwanza. Alikuwa yeye mwenyewe bado msichana, miguu haifiki vizuri kwenye kanyagio, anakalia ncha ya kiti. Mama alikuwa ametoka kuzikwa. Nilisimama kando yake nikilia, akaniambia nishike ncha ya uzi, nisiuachie. Nikaushika. Kila alipotaka uzi mrefu zaidi aliniambia nisogee.

Nilifuta mpaka shati likawa jekundu. Kutu haikutoka.

Hakuna atakayejua. Nimeifunika tena.

Alhamisi, 17 Aprili

Bi Swabaha ameniita uani. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema:

"Mwanangu, hivi dadako umempa vikombe vingapi vya chai wiki hii?"

Nikamwambia vingi, simnyimi kitu.

"Chai hataki. Anataka cherehani."

Nikamuuliza kama dada alimwambia mwenyewe.

"Kaniambia."

"Neno zima?"

"Neno zima. Nilimngoja tu. Wali ulikuwa motoni, nao ukaiva, yeye akafika." Kisha akanitazama usoni. "Iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa fundi, nilitaka iwe zawadi ya Pasaka. Imetoka mdomoni laini kama mafuta! Bi Swabaha akatikisa kichwa kukubali. Kuku mmoja akatoka bandani wakati huo huo, ana kipande cha uzi mguuni. Wote wawili tulimtazama akipita.

Basi ikabidi uwongo uwe kweli upesi. Nimeibeba cherehani kwa mkokoteni, nimeifunika blanketi, nikapita njia ya nyuma mpaka kwa Khalfani, fundi wa mashine. Khalfani akalizungusha gurudumu, likalia kama mlango wa jela. Akaniuliza nani kaifanyia hivi. Nikasema dunia ina watu wabaya. Akasema iache, ipo kazi, labda baada ya sikukuu.

Nimerudi. Nikamwambia dada kwamba cherehani inakuja. Alinishika mkono, akaubana. Nilikuwa na hadithi tayari kuhusu subira, nikaanza kumsimulia, akauachia mkono.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Angel kapiga simu kutoka Dodoma. Ni binti pekee wa dada, muuguzi, hakupata ruhusa ya kuja sikukuu. Nikaishika simu mimi ili dada asichoke. Angel akauliza mama hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza kala nini. Nikasema pilau kidogo, na kuku (yule yule wa uzi mguuni). Akauliza mama ana lipi la kumwambia. Nikaanza kusema mama anakusalimu sana, anakuombea, anasema...

Angel akanikata. Kwa adabu, lakini akanikata. Akasema, "Mjomba, shikamoo tena, naomba umpe mama simu, halafu utoke nje."

Nikatoka. Nikasimama nyuma ya mlango, ndiyo. Nani asingesimama?

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Nikataka kuingia kumsaidia, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nikasikia pumzi yake, inapanda, inakwama, inashuka, inaanza upya. Kisha:

"Angel."

Na baada ya muda mwingine mrefu: "Mwanangu."

Nimelia. Nimejiegemeza ukutani nimelia kama mtoto, mkono mdomoni nisisikike. Kwa muda ule sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Baadaye nikakumbuka semina. Maneno mawili kwa simu! Tukiongeza bidii, Jumamosi tutafika kumi. Nimempelekea Mzee Elimringi ujumbe kwamba shahidi yuko tayari.

Ijumaa, 25 Aprili

Kesho ndiyo siku. Bi Swabaha haafiki. Aliniuliza kama nimemuuliza dada iwapo anataka kwenda. Nikasema nimemuuliza. Ni kweli. Jana nilimuuliza, akafungua mdomo, nikaona ni ndiyo.

Bi Swabaha akamuuliza yeye, mbele yangu. Akamwambia kuna mkutano kesho Kikatiti, kwa akina Mzee Elimringi, Mama Sifaeli naye atakuwepo, na mdogo wako Rodrick anataka usimame mbele za watu. Unataka kwenda, hutaki? Akangoja. Nilikuwa nimeng'ata ulimi.

Dada akasema: "Gauni."

Nilifurahi! Anataka kupendeza. Nikaenda kabatini kwake, nikamletea lile gauni la zambarau la harusi ya Angel. Akalisogeza pembeni. Nikaleta la kijani. Akainuka kwenye kiti, akashika ukuta, akaanza kutembea. Akaburuta mguu ukumbini, mimi nyuma yake na magauni mawili, mpaka kwenye chumba chake cha kushonea. Hajaingia humo tangu augue.

Akakiona kibao. Akaiona meza. Akaweka kiganja juu ya kitambaa cha bluu, penye alama ya duara ya kikombe changu, akakisugua kwa kidole gumba.

Nikamwambia kimependezesha ofisi, sivyo?

Bi Swabaha akaviondoa vitabu vyangu, akakikunja kitambaa, akakichukua kwenda kukifua. Meza imebaki uchi. Inaonekana ofisi ya mtu asiye na kazi.

Wanawake wakishirikiana hawaelezi kitu. Ila dada anakwenda. Ametikisa kichwa kukubali, mwenyewe, kwa nguvu.

Jumamosi, 26 Aprili. Siku ya Muungano

Naandika nikiwa nimevaa suti bado.

Tulifika Kikatiti kwa gari la kukodi, Noah, dada mbele, Bi Swabaha nyuma na furushi mapajani. Ukumbi ulijaa. Sijawahi kuwa na watu wengi hivi wanaonitazama mimi. Akina mama wengi, wazee wenye fimbo, kijana mmoja mwenye mguu wa bandia, mama aliyebeba picha ya mtu kwenye fremu. Mvua ikaanza kupiga bati, nikaomba kipaza sauti kiongezwe.

Nikawapa Mgomba. Nilisimulia vizuri, nasema kweli. Nilipofika kwenye mtoto chini ya udongo nikashusha sauti. Kisha nikauliza kama kuna swali.

Bibi mmoja mbele akanyoosha mkono. Akauliza: ule mgomba wenyewe, ulioanguka, uliinuka?

Nikasema hapana, wenyewe ulioza, lakini mtoto wake...

Bibi akasema ahaa. Akaketi. Mama mwenye picha akaiinamisha picha yake.

Nikaharakisha kwenye Konokono. Mtoto akaanza kulia, akatolewa nje, na watu wengine wakaonekana kutamani kutolewa naye. Kikombe sikukimaliza. Mzee Elimringi alikuwa anatazama saa. Nikaona sasa ni wakati wa shahidi.

Nikawaeleza historia yote ya dada, tangu siku ya kuanguka. Nikasema alikuwa kama mgomba. Nikasema hadithi zangu, moja baada ya nyingine, zilimwinua. Kisha nikamwita. Akaja polepole, Bi Swabaha akimshika kiwiko, ukumbi mzima unasikiliza mguu wake ukiburuta kwenye saruji. Nikamwekea kipaza sauti mdomoni.

Hakusema.

Nikamnong'oneza: nilianguka. Akavuta pumzi. Nikamnong'oneza tena, na kipaza sauti kikaninasa, ukumbi mzima ukasikia "nilianguka, dada, nilianguka." Kuna aliyecheka. Nikawageukia watu, nikasema ana aibu kidogo, anachotaka kuwaambia ni kwamba hadithi...

Dada akainua mkono wake wa kushoto. Akauweka juu ya mdomo wangu. Si kwa hasira. Aliuweka kama alivyokuwa akiniwekea nilipokuwa mdogo na mgeni yuko sebuleni. Akasema:

"Nyamaza."

Lilisikika mpaka nje. Vizuri kabisa, kila herufi mahali pake.

Nikanyamaza. Ningefanyaje? Mkono ulikuwa bado hapo.

Kisha akawageukia. Akatafuta kwa macho, safu kwa safu, mpaka akamwona Mama Sifaeli, mke wa Mzee Elimringi. Na akaanza kazi ya kusema. Niliiona karibu, shingo yake ikikaza, mshipa wa kipaji cha uso umesimama. Ukumbi ukangoja. Hakuna aliyekohoa. Yule kijana mwenye mguu wa bandia alikuwa ameegemea mbele, midomo yake inakwenda pamoja na ya dada.

"Mama... Sifaeli."

"Abee," Mama Sifaeli akaitika, akasimama.

"Gauni... lako..."

Mvua. Mvua tu.

"Bado."

Bi Swabaha akafungua furushi. Kitambaa cha bluu, maua ya dhahabu, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Nilikitambua. Nikatamani sakafu ifunguke. Mzee Elimringi naye alikitambua, akanitazama mimi, kisha akatazama darini.

"Nita..." dada akasema. Ikakwama. Akafumba macho, akaanza upya kutoka mwanzo. "Nita... shona."

Mama Sifaeli alikuja mbele analia. Akamkumbatia, kitambaa katikati yao. Akasema, "Chukua muda wako, mama. Nitavaa hata Krismasi." Wakaja na wengine. Yule bibi wa swali akaja. Mama mwenye picha akaja, akamwonyesha dada picha, akamweleza ni nani, na dada akasikiliza mpaka mwisho bila kusema lolote, ameishika fremu kwa mkono wake mzima. Wakapanga foleni! Kila mtu alitaka kumwambia dada jambo lake.

Kwangu hakuja mtu. Nilizungusha waya wa kipaza sauti, kisha nikauzungusha tena.

Tulipoondoka Mzee Elimringi alinishika bega. Akasema wangependa sana dada arudi, hata kila mwezi, akae tu na watu. Nikamuuliza na mimi je? Akafikiri. Akasema naweza kumleta mpaka getini.

Njiani dada alilala, kichwa kimeegemea kioo. Usa River, Tengeru, mpaka nyumbani, nilikuwa na maneno mengi na sikumwambia hata moja. Inauma kukaa na maneno namna hiyo. Nilimtazama tu, usingizini mdomo wake wa upande wa kulia unashuka kidogo, nikamvutia kanga isimwanguke.

Jumatatu, 28 Aprili

Khalfani ameleta cherehani. Amebadilisha mkanda, amepiga mafuta, sauti imerudi. Kibao changu kimeshushwa, sikuulizwa. Meza yangu iko ukumbini mwa nyumba. Dada ameketi kwenye kiti chake, mguu wa kushoto kwenye kanyagio, mkono wa kushoto unasukuma kitambaa, Bi Swabaha anakishika upande wa pili. Amepiga mshono mmoja tu leo, kwenye kipande cha majaribio. Umepinda kama njia ya ng'ombe.

Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita. "Rod." Nusu ya jina, lakini langu!

Akanipa ncha ya uzi nishike. Nikaushika. Nilikaa hapo mpaka adhuhuri. Sikusimulia kitu, na sina hakika kama niliwahi kuwa na asubuhi nzuri kuliko hiyo.

Jumatano, 30 Aprili

Sikulala kwa furaha. Nimegundua kila kitu!

Kosa halikuwa kwangu, lilikuwa kwenye mada. Watu hawataki hadithi za kuinuka. Watu wanataka kusikilizwa! Nilikuwa nao ushahidi mbele ya macho yangu Kikatiti, foleni nzima. Na nani aliyegundua hilo? Mimi. Kwa hiyo nimebadili taaluma. Kuanzia leo mimi ni Mkufunzi wa Kunyamaza.

Semina ya kwanza nimeiandaa tayari. Itachukua saa tatu bila mapumziko. Kuna utangulizi, kuna historia ya ukimya, kuna faida zake kwa mwili, kwa ndoa na kwa biashara, na kuna hadithi mpya ya jiwe lililokaa kimya mtoni mpaka mto wenyewe ukaomba radhi. Nimekwenda kumwona mchungaji wa Tengeru. Alinisikiliza kwa saa nzima bila kusema neno. Ishara nzuri sana.

Jioni hii nimeifanyia mazoezi mbele ya dada. Alikuwa anakata uzi kwenye mkono wa lile gauni la bluu. Nikasimama katikati ya chumba, nikamweleza kwamba somo la kwanza, kubwa kuliko yote, ni kumwachia mwenzako nafasi aseme lake. Akaweka mkasi chini. Akainua mkono, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Nikamwomba asubiri kidogo, nimalize kwanza.